John Schwarz na Nadharia Iliyoachwa



Nimekusudia leo kuwazungumzia mwanachuoni mmoja wa Marekani, John Schwarz, aliyekaa katika chuo kimoja kilicho mashuhuri ulimwenguni kwa muda wa miaka 13, tangu 1972 hadi 1985, bila ya cheo cha uprofesa na bila ya ahadi ya kudumu, akijishughulisha na nadharia ambayo takriban wenziwe wote walikuwa wamekwisha kuiacha. Na sababu ya kumchagua yeye, na si mwingine miongoni mwa mabingwa wa fizikia ambao majina yao yanavuma zaidi, ni kwamba katika maisha yake ya kazi mna jambo ambalo sisi, watu wa nchi ambazo elimu ya juu bado inajengwa, tunahitaji kulitazama kwa makini kuliko wengine: ni kitu gani hasa kinachomwezesha mtu kukaa na swali gumu mpaka swali lenyewe likaanza kujibu.

Schwarz alizaliwa mwaka 1941 katika mji mdogo wa North Adams, jimbo la Massachusetts. Alisoma hisabati Harvard, kisha akavuka bara zima kwenda Berkeley, California, akawa mwanafunzi wa ustadhi Geoffrey Chew, na huko akapata udaktari wake mwaka 1966. Siku hizo mafundisho ya Chew yalikuwa na nguvu kubwa: yeye alishikilia kwamba hapana haja ya kutafuta chembe za msingi zilizojificha ndani ya protoni na nyutroni, bali yatosha kuzitazama chembe zinapogongana, zinaingiaje na zinatokaje, na kuzitaka hesabu za migongano hiyo zipatane zenyewe kwa zenyewe pasipo kukinzana. Miongoni mwa wanafunzi waliofunzwa kwa mkono huo alikuwako pia David Gross, aliyeshiriki chumba kimoja cha kazi na Schwarz. Nami nawaomba wasikilizaji walihifadhi jina hilo, kwani tutakutana nalo tena mara mbili, mara ya kwanza miongoni mwa waliosababisha kazi ya mwenziwe kutupwa, na mara ya pili miongoni mwa waliorudi kuiendeleza.

Mwaka 1968 Mtaliani kijana, Gabriele Veneziano, aliandika fomula moja fupi iliyoieleza migongano ile kwa namna ya ajabu, ikatimiza masharti ambayo wakubwa wake walikuwa wakiyatamani kwa miaka. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua fomula hiyo inazungumzia kitu gani. Haukupita muda mrefu wakatokea watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, Yoichiro Nambu, Holger Nielsen na Leonard Susskind, wakabainisha kwamba hiyo ndiyo fomula ambayo mtu angeipata kama chembe zisingekuwa nukta, bali nyuzi ndogo mno zinazotikisika. Aliyepata kusikiliza udi ukipigwa katika taarabu ya Unguja au Mombasa ataielewa fikira hii bila taabu: uzi ni ule ule, lakini ukitikisika hivi hutoa sauti hii, na ukitikisika vile hutoa sauti ile, kadhalika uzi mmoja wa asili, kwa mitikisiko yake mbalimbali, hujidhihirisha kwetu mara kama chembe nyepesi na mara kama chembe nzito, na ule wingi wa chembe uliokuwa ukiwatatiza wataalamu ukawa ni wingi wa sauti za kitu kimoja.

Schwarz, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Princeton, aliingia katika jambo hili kwa moyo wake wote. Mwaka 1971 Pierre Ramond alipata njia ya kuzipa nafasi ndani ya nadharia ya nyuzi chembe za jinsi ya elektroni, ambazo hapo mwanzo hazikuwamo, na mwaka ule ule Schwarz, pamoja na Mfaransa André Neveu, wakaufanyia kazi upande wa pili wa jambo hilo hilo, na viwili hivyo vikaungana kuwa kitu kimoja. Walakini nadharia yao ilikuja na madai mawili yaliyowakirihi watu. La kwanza, haikuridhika na ulimwengu wetu wa urefu, upana, kimo na wakati. Nyuzi za awali zilitaka vipimo 26, na hizi za Schwarz na wenziwe zikataka 10. La pili, kila walipoifanyia hesabu ilizaa chembe moja isiyo na tungamo hata kidogo, na yenye mzunguko wa ndani wa daraja la pili, ilhali chembe ya sifa hizo haijapata kuonekana miongoni mwa zile zinazokishikamanisha kiini cha atomu. Walijitahidi kuiondoa, haikuondoka.

Kisha ukaja mwaka 1973. David Gross na mwanafunzi wake Frank Wilczek, na David Politzer akiwa peke yake, walionyesha kwa hesabu iliyo dhahiri kwamba nguvu inayotawala ndani ya protoni na nyutroni yaelezwa na chembe ziitwazo kwaki na namna zinavyovutana, wala haihitaji nyuzi. Na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 2004. Watu wakahama kwa mkupuo. Nami sitaki kuwalaumu waliohama, kwa kuwa nadharia mpya ilikubaliana na yale yaliyopimwa maabara, na ile ya nyuzi haikukubaliana nayo, na mtu wa sayansi anayeuacha upande ulioshindwa na vipimo hafanyi khiyana, bali afanya wajibu wake.

Schwarz mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Princeton mwaka uliotangulia, maana muda wake ulimalizika pasipo kupewa kiti cha kudumu. Wasikilizaji wasiojua mpango wa vyuo vikuu vya huko yafaa wafahamu kwamba mtu akipata udaktari hupewa mikataba ya miaka michache michache, akienda mji huu na kurudi mji ule, pengine pamoja na mke na watoto, na baada ya muda huo chuo humtazama kikaamua ama kimpe nafasi ambayo haondolewi tena, ama kimwage kwa heri. Na aliyeagwa, hata awe na kipawa cha namna gani, hulazimika kuanza kubisha hodi upya. Aliyempokea Schwarz alikuwa Murray Gell-Mann, bingwa wa Chuo cha Teknolojia cha California, huko Pasadena, mwenye Nobel ya mwaka 1969 na mmoja wa waasisi wa fikira yenyewe ya kwaki. Yeye hakuwa mfuasi wa nadharia ya nyuzi kwa kuitumikia, lakini aliona kuwa ndani yake mna jambo la kweli ambalo bado halijajulikana ni jambo gani, akamtafutia kijana huyo kazi ya utafiti, chumba, na fedha za kuwaalika wageni. Miaka mingi baadaye Gell-Mann alipoyaeleza hayo alisema kwamba aliwawekea wana nyuzi hifadhi, kama vile serikali zinavyowawekea hifadhi wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Mgeni mmoja wa hifadhi hiyo, aliyefika mwanzoni mwa mwaka 1974 na kukaa kama nusu mwaka, alikuwa Joël Scherk wa Ufaransa. Ili tulielewe jambo walilolifanya yeye na Schwarz, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1915 Albert Einstein alikuwa ameueleza uvutano, ile nguvu iangushayo embe na kuuzungusha mwezi, kuwa ni kupinda kwa mahali na wakati penyewe. Na katika miaka ya ishirini wanafizikia wengine wakajenga elimu ya kwanta, inayoeleza mwenendo wa vitu vidogo mno, ambamo nguvu zote huchukuliwa na chembe. Elimu hizi mbili kila moja kwa mahali pake haijashindwa na jaribio lolote. Lakini ukitaka kuziunganisha, ukauhesabu uvutano kwa kanuni za kwanta kama zinavyohesabiwa nguvu nyingine, majibu hutoka yakiwa hayana ukomo, na jibu lisilo na ukomo katika fizikia si jibu. Kitu kimoja tu kilijulikana kwa yakini: kama uvutano nao unachukuliwa na chembe, ambayo wataalamu wameiita gravitoni, basi chembe hiyo ni lazima isiwe na tungamo, na ni lazima mzunguko wake wa ndani uwe wa daraja la pili.

Nadhani wasikilizaji wameona tayari. Ile chembe ambayo kwa miaka mitatu walikuwa wakijaribu kuifukuza, kwa kuwa haikuwa na mahali katika kiini cha atomu, ilikuwa na sifa za gravitoni barabara. Na si sifa hizo tu, bali Scherk na Schwarz walipozitazama nguvu inazozitoa waliona kwamba katika umbali mkubwa zinafuata kanuni za Einstein zenyewe. Huko Japani Tamiaki Yoneya alikuwa akiliona jambo hilo hilo kwa macho yake, pasipo kupashana habari nao. Basi wawili wale wakasema neno ambalo, baada ya kusemwa, laonekana jepesi, ingawa hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema: kwamba nadharia haikukosea, ila tumeipeleka mahali pasipo pake, tuliitaka itueleze kiini cha atomu, nayo muda wote ilikuwa ikitueleza uvutano pamoja na nguvu nyingine zote. Na kwa kuwa uvutano ni dhaifu sana ukilinganishwa na nguvu ya kiini, urefu wa nyuzi nao ulibidi upunguzwe, si kwa nusu wala kwa robo, bali kwa tarakimu 20, hata uzi mmoja ukawa karibu na kipande cha mita iliyogawanywa kwa moja lenye sufuri 35 nyuma yake. Hata vile vipimo 10 vilivyokuwa aibu vikageuka kuwa si aibu tena, maana mahali panapopinda kwa hukumu ya uvutano, vipimo sita kati ya hivyo vyaweza kujikunja vikawa vidogo hata visionekane.

Mimi kila nikilitafakari jambo hili huona kuwa hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu, wala si katika ushindi uliokuja baada ya miaka kumi. Wengi tunaowasifu kwa subira tunawasifu kwa kuvumilia tu, kana kwamba kuvumilia peke yake ni fadhila. Lakini mkaidi naye huvumilia, na tofauti ya watu hawa wawili ni kwamba mkaidi hubaki na neno lake lile lile baada ya hoja kumgeuka, naye Schwarz aliikubali hukumu iliyotolewa juu ya nadharia yake, akakiri kuwa kwa kazi ile ya kwanza imeshindwa, kisha akabaki nayo kwa sababu mpya, iliyo nzito kuliko ile ya awali, na inayoweza kuandikwa ubaoni na kukaguliwa na mtu yeyote. Alibaki kwa kuwa alikuwa na hoja. Kwamba hoja hiyo haikusikilizwa ni jambo jingine.

Na haikusikilizwa kweli. Walichapisha makala yao, wakatoa mihadhara, mwaka 1975 wakaipeleka fikira yao katika mashindano ya insha juu ya uvutano, ikapata kutajwa kwa heshima tu, bila zawadi. Hapakuwa na uadui, na labda uadui ungalikuwa nafuu, maana anayekupinga amekusoma. Husimuliwa kwamba Richard Feynman, mwanafizikia mkuu wa chuo kile kile, kila alipokutana na Schwarz alimuuliza leo yuko katika vipimo vingapi. Na mtu aweza kuwaza ilikuwaje kulijibu swali hilo kwa uso mkunjufu mwaka baada ya mwaka, ilhali mkataba wako waja kutazamwa upya na watu wanaomwona muulizaji kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote jengoni. Kisha mwaka 1980 Joël Scherk akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa amekwisha kuweka mkono wake katika kazi nyingi za thamani, pamoja na ile ya 1976 aliyoifanya na Ferdinando Gliozzi na David Olive, iliyoonyesha namna ya kuzisafisha nyuzi zile ziwe na ulinganifu kati ya chembe za mada na chembe za nguvu. Lakini siku ambayo ulimwengu ulikubali kuisoma makala ya 1974 hakuiona.

Mwenzi mpya alipatikana Geneva, katika maabara ya CERN, kiangazi cha mwaka 1979. Huyu alikuwa Michael Green, Mwingereza, mwalimu wa Queen Mary College ya London, naye pia alikuwa hajaukata uhusiano wake na nyuzi. Tangu hapo wakawa wanatafutana, mara California, mara London, na majira ya kiangazi katika mji wa milimani wa Aspen, jimbo la Colorado, ambako wanafizikia hukusanyika kufanya kazi mbali na makelele ya mitihani. Watu wawili hao, karibu peke yao duniani, waliijenga upya nadharia nzima kwa utaratibu: wakaonyesha ni aina ngapi za nyuzi ziwezekanazo, na wakaonyesha kuwa katika baadhi yake hesabu ambazo katika nadharia nyingine za uvutano hutoa majibu yasiyo na ukomo, hapa, kwa daraja la kwanza la masahihisho, hutulia na kutoa jibu lenye ukomo.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa kile waitacho hitilafu. Maana yake ni hii: nadharia yaweza kuwa na ulinganifu mzuri kabisa ikiwa juu ya karatasi, lakini mara unapoifanya iwe ya kwanta, ulinganifu huo ukavunjika kwa ndani, na hesabu ikaanza kutoa majibu ya upuuzi, na watu wengi waliamini kwamba nadharia ya nyuzi inayoweza kuzaa ulimwengu wenye kutofautisha kushoto na kulia, kama ulivyo ulimwengu wetu, lazima ife kwa ugonjwa huo. Katika kiangazi cha mwaka 1984, huko Aspen, Green na Schwarz walizihesabu hitilafu zote, zile za uvutano na zile za nguvu nyingine, wakakuta kwamba zinafutana zenyewe kwa zenyewe bila kubakisha kitu, ila kwa sharti kwamba chembe zinazochukua nguvu hizo nyingine ziwe 496 kamili, wala si 495 wala 497, na tena zipangike kwa taratibu maalumu chache mno. Namba hiyo, nitaje tu kwa wapenzi wa hisabati, tangu kale imehesabiwa miongoni mwa namba kamilifu, ambazo ukijumlisha vigawanyo vyake, bila kuitia namba yenyewe, unaipata namba hiyo hiyo. Hiyo ni sadfa, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Habari zilimfikia Edward Witten wa Princeton, aliyekuwa amekwisha kuhesabiwa mmoja wa wenye akili kali kuliko wote wa rika lake, naye akaomba nakala hata kabla ya makala kupigwa chapa. Ikapelekwa kwa posta ya haraka, na kwa muda wa siku chache mji mzima wa wanafizikia ukawa hauzungumzi jingine. Mwaka 1985 David Gross, yule yule wa Berkeley, akiwa na wenziwe watatu wa Princeton, alitoa aina mpya ya nadharia ya nyuzi iliyoonekana kukaribia zaidi chembe tunazozijua. Mwaka ule ule Schwarz akapewa uprofesa, akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka 1987 Green, Schwarz na Witten wakatoa kitabu chao cha juzuu mbili, ambacho wanafunzi wengi wa somo hili wamejifunzia hadi leo.

Sasa sharti niseme kweli yote, kwa kuwa sifa zikizidi kipimo humdhulumu hata anayesifiwa. Nadharia ya nyuzi haijathibitishwa. Mtambo mkubwa wa CERN, wenye mzunguko wa kilomita 27, huweza kuchunguza umbali wa mita iliyogawanywa kwa moja lenye sufuri kama 19, na kutoka hapo hadi kwenye nyuzi zenyewe bado ziko sufuri nyingine kama 16, umbali ambao hakuna mhandisi anayejua namna ya kuuvuka. Chembe pacha zilizotarajiwa na wengi kutokana na ule ulinganifu wa mada na nguvu hazikuonekana katika mtambo huo, ingawa chembe ya Higgs ilionekana mwaka 2012. Na namna za kuvikunja vile vipimo sita zimegundulika kuwa nyingi mno kupita hesabu, kila namna na ulimwengu wake, hata imekuwa vigumu kuiomba nadharia itabiri ulimwengu huu wetu na si mwingine. Wapo wanaosema, nao si wajinga, kwamba elimu isiyoweza kukanushwa na kipimo imetoka katika mipaka ya sayansi. Tena liko jambo ambalo huniuma zaidi kuliko hayo: kwamba baada ya 1984 upepo uligeuka kwa nguvu kiasi cha kuwafanya baadhi ya wale waliokuwa wakilishughulikia swali lile lile la uvutano wa kwanta kwa njia nyingine, wasiotaka nyuzi, walalamike kuwa wao sasa ndio wanaokosa nafasi vyuoni, kama alivyokosa Schwarz. Jamii ya wataalamu iliyojifunza kwa kisa chake kwamba nyuzi zina thamani, haikujifunza kwamba anayefuata njia iliyoachwa naye astahili mahali.

Hata hivyo si kweli kwamba hapakuvunwa kitu. Stephen Hawking alikuwa ameonyesha katika miaka ya sabini kwamba shimo jeusi, lile gimba ambalo hata nuru haitoki ndani yake, lina joto, na kwa hiyo lina hesabu ya hali zake za ndani. Lakini hali hizo ni zipi hakuna aliyeweza kuzitaja. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walizihesabu moja kwa moja kwa nadharia ya nyuzi, katika mashimo meusi ya namna maalumu, wakapata namba ile ile iliyotakiwa. Mwaka uliofuata Juan Maldacena, mzaliwa wa Argentina, alitoa hoja ya kwamba nadharia ya uvutano ndani ya ulimwengu wa aina fulani ni sawasawa na nadharia isiyo na uvutano juu ya mpaka wake, na kutoka hapo zimetoka zana ambazo hata wanaochunguza vitu vya kawaida vya maabara huzitumia. Mti ambao haujazaa tunda lililoahidiwa umetoa mbao nzuri, nami naona kuwa hiyo yatosha kuufanya usikatwe.

Mwaka 1989 Green na Schwarz walitunukiwa medali ya Dirac, na mtoaji wa medali hiyo ndiye anayenirudisha kwetu. Hutolewa na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kilichoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, aliyepata Nobel mwaka 1979. Huyu naye alikuwa na kisa chake. Aliporudi Lahore mwaka 1951, akiwa amekwisha kujulikana Cambridge kwa kazi zake juu ya nadharia ya kwanta, hakukuta mtu wa kuzungumza naye juu ya elimu yake, wala majarida ya kusoma, wala muda wa utafiti; miongoni mwa majukumu aliyopewa lilikuwamo la kuisimamia timu ya mpira ya chuo. Akastahimili hadi mwaka 1954, kisha akarudi Uingereza kwa huzuni, akiona kuwa amelazimishwa kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake. Na kituo cha Trieste alikijenga ili wengine wa nchi kama yake waweze kwenda kuishi miezi kadhaa miongoni mwa wenzao na kurudi makwao, pasipo kuhama.

Wawekeni watu hawa wawili pamoja. Vipawa walikuwa navyo wote, na subira pia. Aliyekuwa nacho Schwarz, na Salam akakikosa Lahore, ni mtu mkubwa ndani ya chuo aliye radhi kusema, huyu mwacheni aendelee, na chuo chenye uwezo wa kulitekeleza neno hilo. Kwa hiyo kila nisikiapo watu wakisema kwamba vijana wetu hawana uvumilivu wa kusoma mambo mazito, mimi husikitika, kwani wamelitazama jambo kutoka mwisho wake. Mhadhiri wa kwetu mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi, na marundo ya mitihani ya kusahihisha usiku, na jamaa wanaomtegemea, atakaaje miaka kumi na swali moja? Uvumilivu nao wataka mshahara.

Mambo mawili yamebadilika tangu siku za Salam, na yote mawili ni ya heri. Mnamo Agosti 1991 Paul Ginsparg, huko Los Alamos, Marekani, alianzisha hazina ya makala za kisayansi zinazopatikana bure kwa njia ya kompyuta, na waliotangulia kuitumia walikuwa ndio hao hao watu wa nyuzi na wa chembe. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Nairobi mwenye intaneti husoma asubuhi hii makala ile ile inayosomwa Princeton, jambo ambalo Salam hakuliota. La pili ni kwamba mwaka 2018 kituo cha Trieste kilifungua taasisi mshirika mjini Kigali, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa ajili ya utafiti wa msingi katika Afrika Mashariki, ambapo hufundishwa shahada za juu za fizikia, ikiwamo ya chembe na ya ulimwengu kwa jumla. Vijana wa nchi zetu hawana tena sababu ya kuvuka bahari kwa ajili ya kuanza.

Linalokosekana ni lile linalofuata baada ya kuanza. Mtu amepata udaktari wake, ana swali lake, naye amethibitisha mbele ya wakubwa zake kuwa ana hoja. Anahitaji nafasi ya miaka kumi, si ya miwili, katika chuo cha hapa hapa, yenye ufundishaji wa kiasi, na nauli ya kumwendea mwenzi wake mmoja au wawili walioko mbali, kama Green alivyokuwa kwa Schwarz. Kwa fizikia ya nadharia hakuna mtambo wa kununua. Chuo cha Pasadena kilimgharimia Schwarz mshahara, chumba, ubao na wageni wachache, na serikali zetu, au hata matajiri wetu wanaojenga madarasa na misikiti na makanisa kwa ajili ya thawabu, wangeweza kuweka nafasi tatu au nne za jinsi hiyo kati ya Kigali, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Wengine kati ya watakaozishika watamaliza miaka yao kumi na kukuta kwamba njia waliyoifuata haifiki, watasema hivyo waziwazi katika makala zao, na mshahara wao utakuwa wa halali.